Namba ya Mizinga ya Kasimiri

Ipole, 19 Novemba 1972

Mjomba Modest,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Cheyo, Tabora mjini. Huku mvua imeanza Jumanne, tumemaliza kupanda shamba la kijiji na kesho tunaanza la kwetu. Darasa langu la pili lina watoto sabini na wawili na vibao arobaini, kwa hiyo wanaandika kwa zamu. Mguu wa Mama unavimba tena. Anakusalimu, anasema dada mkubwa hasahauliwi hivi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni habari ya Baba. Juzi Ijumaa mgambo walikuwa wakipita ile njia ya zamani ya misafara, kule msituni anakotundika mizinga yake. Unajua tangu vita vya mpakani vya Septemba kila mtu anatafuta wapelelezi. Wakaona mzinga una namba kwenye mfuniko, 99066. Wakaenda mbele wakaona mwingine, 99066. Maili kumi na moja, mizinga mia moja na minne, namba ile ile. Wakasema kama ni hesabu ya mizinga ingekuwa moja, mbili, tatu, kwa hiyo hizi ni alama za kuwaonyesha njia watu watakaokuja.

Baba alipoulizwa alicheka. Hapo alikosea, maana waliokuja hawakuwa na hamu ya kucheka. Wakapekua nyumba. Ndani ya misale yake, kile kitabu chake cha misa, wakakuta karatasi yenye namba 9814072356, na chini yake maneno haya: "Huu ndio ufunguo. Usimwonyeshe mtu mpaka ajaribu mwenyewe. Hakuna nyingine kubwa kuliko hii." Jina la mwandishi hakuna. Baba alisema aliiokota kwenye basi. Wamempeleka Sikonge kuulizwa maneno mawili matatu, na leo ni siku ya tatu.

Wewe ni mwalimu wa hesabu, Mjomba. Nimeona nikuulize kama unaijua namba hii.

Mimi mpwa wako,
Marcelina


Tabora, 4 Desemba 1972

Ndugu Marcelina Kasimiri,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima. Pole kwa mguu wa mama yako.

Kuhusu namba uliyoitaja, siijui. Tarakimu kumi zinaweza kuwa kitu chochote. Nchi yetu iko katika wakati unaohitaji kila mwananchi awe macho, na waliomchukua baba yako wanatimiza wajibu wao. Nakushauri mjibu kila mnachoulizwa kwa ukweli na utulivu. Usiniandikie tena mambo hayo, maana siwezi kuyasaidia.

Utanisamehe kwa kupiga barua hii kwa mashine ya ofisi ya shule. Mkono unaniuma.

Wako katika ujenzi wa taifa,
M. Kashindye


Ipole, 17 Desemba 1972

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii haipiti posta. Anaileta Mama Sikuzani, yule mama wa Kiislamu anayenunua uyoga mkavu huku na kuuza sokoni kwenu. Ameishonea ndani ya mkeka. Basi humu naweza kusema, na wewe naomba unijibu kwa mkono wake.

Pole kwa mkono. Umenifundisha kusoma kwa barua zako tangu nikiwa darasa la tatu, na zote zilikuwa za wino, zenye michoro ya kuku pembeni na utani wa kumchokoza Mama. Hii ya sasa nimeisoma mara nne nikimtafuta Mjomba ndani yake. Mama alipoisikia "Ndugu Marcelina Kasimiri" aliuliza kama ni ya mkuu wa wilaya.

Kama umesahau, nakukumbusha. Chama chetu cha asali kilimpa Baba namba 66 ya kuchomea kwenye mizinga, na Eustace jirani yetu akapewa 99. Mfuniko wa mzinga ni wa duara. Ukiubandika juu chini, 66 inakuwa 99. Baba akavuna mizinga ya Eustace mitatu, Eustace akavuna ya Baba mitano, na nusura wapigane kwenye misa ya Pasaka. Krismasi ya mwaka 1969 ulikuja likizo kwetu. Baba akakuambia, shemeji, wewe mwenye elimu, nipe namba ambayo nikiugeuza mfuniko haibadiliki. Wewe ulikuwa na daftari lako, siku kumi nzima unazidisha tu, hata pilau uliila huku ukihesabu. Siku ya kuondoka ukamwandikia 99066 kwenye kipande cha gome. Ukampa na ile karatasi, kwa mbwembwe zako, ukamwambia namba hiyo ukiizidisha kwa yenyewe inazaa mfalme. Tulicheka wote. Mimi ndiye niliyemshikia Baba taa akichonga chuma cha kuchomea.

Wamemtoa Sikonge. Tangu wiki iliyopita yuko hapo Tabora, kwenye jengo lenye ukuta mrefu karibu na reli. Ukitoka nyumbani kwako ni mwendo wa kuchemsha chai. Kila siku wanamuuliza swali moja: nani ameandika karatasi. Kila siku anajibu aliiokota. Hatakutaja, Mjomba. Unamjua.

Naogopa sana. Juzi watoto wa darasa langu walinyamaza nilipoingia, na mmoja akaniuliza kama ni kweli nyuki wetu wamefundishwa. Katibu wa kijiji ameacha kuitikia salamu ya Mama. Eustace, ambaye angeweza kueleza habari ya 66 na 99 kwa sentensi mbili, amekwenda kwa wakwe zake Itetemia na hana siku ya kurudi.

Nenda ukawaambie.

Marcelina


Tabora, 2 Januari 1973

Marcelina,

Marahaba. Mama Sikuzani amefika, mkeka nimeupata. Sikumkaribisha ndani. Simjui vizuri, na hata huyu jirani yangu Abasi, tunayecheza naye bao kila Jumapili, nimegundua kwamba simjui vizuri. Naiandika hii pia kwa mashine, shuleni, milango ikiwa imefungwa. Ukiisoma ichome.

Umesema unaogopa. Ngoja nikueleze yangu. Tarehe kumi na mbili Desemba walipita katika shule zote za mjini. Kila mwalimu aliitwa peke yake, akapewa karatasi, akaambiwa aandike sifuri mpaka tisa na sentensi moja, "Huu ndio ufunguo." Mimi huweka kistari katikati ya saba yangu, tangu nikiwa seminari. Wewe unajua, uliiga, nikakucheka. Siku ile niliandika saba bila kistari. Niliandika kwa mkono wa kushoto, nikasema wa kulia umevimba. Kijana aliyesimamia aliutazama mkono wangu wa kulia muda mrefu. Tangu siku hiyo nimeufunga kitambaa, na kula nakula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto hata nikiwa peke yangu chumbani.

Madaftari yangu yote ya hesabu nimeyachoma. Miaka kumi na minne. Yamewaka vizuri.

Unaniambia niende nikawaambie. Niwaambie nini? Kwamba mtu mzima alikaa siku kumi akitafuta namba isiyonunua hata chumvi? Nani ataamini? Na kuna jambo jingine kuhusu namba ile ambalo siwezi kukuambia, wala sikuwahi kumwambia mtu. Ukilijua ungeona kwamba nikienda nitatuangusha wote wawili.

Mpelekeeni baba yenu chakula. Ndani ya mkeka nimerudisha sukari kidogo.

M.


Ipole, 14 Januari 1973

Mjomba,

Shikamoo.

Mama alikwenda Tabora kwa basi na mguu wake ule. Alipewa dakika tano. Baba amekonda, shati linamning'inia. Mama anasema alimuuliza jambo moja tu: "Shemeji hajambo?" Mama akasema hajambo. Baba akasema, "Basi vizuri," akaomba tumbaku ya kunusa.

Mama alipita Cheyo akagonga mlango wako. Aliona pazia likitikisika. Hakuniambia mimi, alimwambia mama mkubwa, mke wa kaka yake Baba, nami nikasikia. Kwangu alisema hukuwepo.

Mtoto wa darasa langu akivunja kibao hulia, lakini husema ni mimi. Ana miaka minane.

Sitakuandikia tena.

Marcelina


Tabora, 11 Februari 1973

Mpwa wangu Marcelina,

Marahaba, hata kama hujanisalimu tena. Huu ni mkono wangu wa kulia na hizi ni saba zangu: 7, 7, 7. Mkono haujawahi kuuma. Mpe mama yako salamu, mwambie pazia lilikuwa mimi. Nilikuwa nimechuchumaa chini ya dirisha, nikiisikia sauti yake ikiita "Mode, Mode," jina ambalo hakuna mwingine aliyebaki duniani anayeniita. Sikufungua. Nitakufa nalo hilo.

Najua baba yenu amekwisha fika, lakini nakueleza ilivyokuwa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekueleza.

Jumatatu tarehe ishirini na tisa Januari nilifungua kitambaa mkononi nikaenda kwenye lile jengo. Mlinzi alinipa kiti akidhani nina homa. Nikasema, karatasi ya Kasimiri nimeiandika mimi. Nikapelekwa kwa afande mmoja, Lukumani, mtu mwembamba, mpole wa sauti, na upole wake ndio ulionitisha kuliko kelele. Mezani palikuwa na mifuniko ya mizinga imepangwa, na karatasi yangu katikati yake.

Akasema, "Haya Mwalimu, tufundishe."

Marcelina, kila nilichoeleza kilinizamisha. Nilimwambia 9814072356 ina tarakimu zote kumi, sifuri mpaka tisa, kila moja mara moja tu, hakuna iliyorudiwa wala iliyoachwa. Akasema, "Ndivyo ufunguo wa barua za siri unavyotengenezwa. Nimesomea." Nikamwambia si hivyo, hii inatokana na 99066 kuzidishwa kwa yenyewe. Akazidisha mwenyewe, polepole, akaona ni kweli. Akasema, "Kwa hiyo ya mizinga na ya karatasi ni kitu kimoja, na aliyenayo moja anaipata ya pili." Nikamwonyesha kwamba 99066 ukiigeuza juu chini haibadiliki. Akageuza mfuniko, akageuza tena. Akasema, "Anayekuja anaisoma, anayerudi anaisoma." Kwa wazimu wa woga nikaanza kuivunja vipande, nikamwambia 99066 ni mbili mara tatu mara kumi na moja mara kumi na tisa mara sabini na tisa. Akaziandika zote tano kwenye daftari lake na kuniuliza, "Hizi ni tarehe za nini?"

 

Kisha akasema neno ambalo mwalimu yeyote wa hesabu angejivunia kulisema. "Namba ya siri mtu huichagua. Namba ya hesabu haichaguliwi, inapatikana. Umeandika hapa hakuna nyingine kubwa kuliko hii. Kama ni kweli, yaani katika namba zote zenye tarakimu kumi zisizorudiwa, zinazotokana na namba kuzidishwa kwa yenyewe, hii ndiyo ya juu kabisa, basi hukuichagua wewe. Uliikuta. Nithibitishie hilo, nawe na shemeji yako mwende nyumbani. Na ikipatikana kubwa zaidi, hata moja, nitajua hii mliichagua, na nitataka kujua kwa nini."

Hapo ndipo tulipofika kwenye lile jambo ambalo sikukuambia. Sikuwa najua kama ni kweli.

Ile Krismasi kwenu, nyumba ilivuja usiku mmoja, maji yakaingia kwenye daftari. Kurasa mbili zililowana zikawa uji wa wino. Zilikuwa na namba za kuanzia 99300 hivi mpaka 99400. Ningezirudia. Lakini nilikuwa nimechoka, na 99066 ilikuwa nzuri mno, inageuka, inatosha mfunikoni, na baba yako alikuwa akiniangalia kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe. Nikaandika "hakuna nyingine kubwa kuliko hii" bila kuwa na hakika. Mimi ninayewachapa watoto kwa kukisia jibu.

Nikafungiwa chumba chenye meza, penseli tatu na karatasi za ofisi zilizoandikwa upande mmoja. Kuanzia 99067 mpaka 99999 ni namba mia tisa thelathini na tatu. Nilianza kwa kupunguza. Tarakimu zote kumi ukizijumlisha unapata 45, kwa hiyo jibu ni lazima ligawanyike kwa tisa, na namba inayozaa jibu hilo igawanyike kwa tatu. Zikabaki mia tatu na kumi na moja. Kuanzia 99499 kwenda juu, kila jibu linaanza na tisa mbili, kwa hiyo tisa imerudiwa, zote nje. Zikabaki mia moja arobaini na nne. Zinazoishia na sifuri zinazaa sifuri mbili mwishoni, nazo nje, kumi na nne. Mia moja na thelathini. Lukumani alifuatilia kila hatua, akaniuliza maswali ya maana, na alipotoka alifunga mlango kwa ufunguo mara mbili.

Siku ya kwanza nilifanya arobaini. Unazidisha, unasoma jibu, unatafuta tarakimu iliyojirudia. Ukiiona unashusha pumzi na kukata kwa mstari. Sijawahi kupenda kuona makosa katika maisha yangu kama nilivyopenda kuona tisa mbili au sita mbili.

Siku ya pili, mchana, nilifika kwenye zile zilizolowana. 99366. Nikazidisha. Jibu likaja 9873401256.

Nikalisoma. Tisa, nane, saba, tatu, nne, sifuri, moja, mbili, tano, sita. Nikalisoma kutoka nyuma. Zote kumi zipo, kila moja mara moja. Na ni kubwa kuliko ile ya mizinga.

Nililipima kwa tisa, kwa kujumlisha tarakimu zake na kuona kama zinagawanyika kwa tisa, kama ninavyowafundisha watoto, likakubali.  Nilimsikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta, na nilikitambua kikohozi hicho, Marcelina. Ni cha moshi wa miaka thelathini ya kurina asali. Baba yako alikuwa hatua tano kutoka nilipo, na mimi nilikuwa na karatasi ya kumfunga mikononi.

Nikafikiri kuitafuna. Nasema kweli. Nilikunja kona ya karatasi nikaitia mdomoni, ikawa na ladha ya mafuta ya taa. Nani angejua? Zilikuwa mia moja na thelathini, Lukumani hakuzihesabu moja moja. Lakini nilijiona nimechuchumaa tena chini ya dirisha. Nikaitoa, nikainyoosha kwa kiganja, nikaiweka pamoja na nyingine mahali pake. Nikasema nikimaliza zote nitampa Lukumani mwenyewe kwa mkono wangu.

Nilifanya zilizobaki kama mtu anayejichimbia kaburi kwa uangalifu. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimemaliza. Kabla ya kugonga mlango nikairudia 99366 mara ya mwisho, kwa njia nyingine, kuanzia laki moja kushuka. Ikaja 9873601956. Tisa mbili na sita mbili. Nikairudia tena. Ile ile. Nikaitazama hesabu ya kwanza mstari kwa mstari: nilikuwa nimesahau kubeba mbili mahali pamoja na saba mahali pengine. Mbili na saba ni tisa, ndiyo maana kipimo cha tisa hakikugundua kitu. Nilicheka mpaka mlinzi akafungua kuona kama nimerukwa na akili, kisha nikalia.

Lukumani alichagua ishirini akazipeleka kwa karani mwenye mashine ya kuhesabia. Zilirudi zote sahihi. Akasema, "Basi uliikuta." Akakunja karatasi yangu akaitia kwenye faili, mifuniko akaamuru irudishwe kijijini. Baba yako waliondoka naye kwa gari saa nne. Mimi nilifunguliwa saa nane. Siku sabini na nane kwake, tano kwangu. Sikumwona uso.

Sikuombi unisamehe. Nimeandika ili ujue.

Mjomba wako,
Modest


Ipole, 25 Februari 1973

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nafurahi kuziona saba zako. Mvua ni nzuri, mahindi yamefika kiunoni. Mama ameisikia salamu ya pazia. Akasema ulipokuwa mdogo ulikuwa unajificha vilevile radi ikipiga. Akaendelea kupepeta.

Baba anakula. Usiku hulala taa ikiwaka, na gari likipita barabarani husimama wima. Lakini Jumatano alikwenda msituni akarudisha mifuniko kumi na miwili. Eustace amerudi kutoka kwa wakwe, akaja na kuku, akamsaidia kubeba. Katibu naye anaitikia salamu, ingawa anatazama pembeni.

Nilimsomea Baba barua yako, yote isipokuwa pale pa pazia. Nilipofika kwenye zile kurasa zilizolowana alitikisa kichwa akasema, "Najua. Si nyumba yangu ndiyo iliyovuja? Nililiona daftari asubuhi, limekuwa uji. Nikaona harudii, nikanyamaza, nisimwaibishe."

Nikamuuliza, kama ulijua, kwa nini hukumtaja upesi, akaja akaeleza, yakaisha? Akaniambia hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Ningemtaja kabla hajamaliza hesabu wangemkuta hana jibu. Shemeji si mtu wa kukaa bure. Nilijua yuko nyumbani anazidisha, usiku na mchana. Nilikuwa nampa nafasi."

Ndivyo anavyoamini, Mjomba. Anawaambia hata wageni. Kwamba siku zote sabini na nane wewe ulikuwa mezani unapiga hesabu kwa ajili yake, ndiyo maana alivumilia, na ile ya kwa Lukumani anasema ulikuwa unairudia tu.

Mimi sikumsahihisha. Barua zako mbili za mashine uliniambia niichome moja, sikuichoma hata moja. Ziko kwenye sanduku langu, chini ya vitenge. Sijui nizifanye nini. Nikimwona anavyokusifu natamani kuzitia motoni, halafu nikiukumbuka mguu wa Mama natamani kumsomea kwa sauti. Niambie.

Marcelina


Tabora, 4 Machi 1973

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na Abasi amenifunga bao mara tatu. Nakuja Jumamosi kwa basi la Sikonge, nikishuka nitatembea.

Zile barua usizichome. Ziweke mezani, na umwambie shemeji asiende msituni siku hiyo. Nitamsomea mwenyewe.

Naogopa, Marcelina, kuliko nilivyomwogopa Lukumani. Nitakuja hivyo hivyo.

Modest